Kuchuja, Kuzuia au Kukataa? Uhakiki wa Istilahi za Barua Pepe Zisizotakiwa

Yapo maneno yanayoingia katika nyaraka za ofisi kila siku bila ya kupita mbele ya kamati yo yote ya istilahi. Yanaletwa na mitambo yenyewe. Programu inafika ikiwa imekwisha kufasiriwa, mtumishi anaifungua, na maneno aliyoyakuta kwenye kioo cha kompyuta ndiyo anayoyaandika katika barua zake, kisha katika miongozo ya idara, na hatimaye katika kanuni. Miongoni mwa maneno hayo ni yale yanayohusu kazi ya kupunguza barua pepe zisizotakiwa kwa kuzichuja kwenye seva, yaani kwenye mtambo unaopokea barua za ofisi nzima kabla hazijagawiwa kwa wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo, na kueleza lipi linafaa, lipi linapotosha, na lipi limeachwa peke yake lifanye kazi ya maneno manne.

Jambo hili si la ladha ya lugha tu. Mwalimu aliyeomba nafasi ya masomo, mfanyabiashara aliyepeleka zabuni saa chache kabla ya muda kwisha, na mwananchi aliyewasilisha malalamiko yake kwa barua pepe, kila mmoja wao anaweza kuambiwa kwamba barua yake "ilizuiwa". Neno hilo halimwelezi kama barua ilikataliwa mlangoni, au ilipokewa ikawekwa kando, au ilipokewa ikatupwa. Na haki yake yaweza kutegemea jibu la swali hilo.

1. Kitu chenyewe

Kabla ya kulihakiki jina, yafaa kukijua kitu. Barua pepe ya matangazo inayotajwa kuwa ya kwanza kupelekwa kwa watu wengi wasioiomba ni ile ya tarehe 3 Mei 1978, wakati Gary Thuerk, mtumishi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alipowatangazia kompyuta za kampuni yake watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET. Mwaka 1982 Jonathan Postel alitoa hati ya itifaki ya SMTP, ambayo ndiyo kanuni ya mazungumzo baina ya seva inayopeleka barua na seva inayopokea. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watu waliokuwa wakiaminiana. Haikumlazimisha mpelekaji athibitishe kwamba yeye ndiye anayejitaja.

Mtandao ulipopanuka katika miaka ya 1990, imani ile iligeuka kuwa mlango ulio wazi, na ulinzi ukaanza kujengwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani za mitambo iliyojulikana kwa kupeleka barua zisizoombwa, na mwaka 1998 ukafuata mradi wa Spamhaus. Mwaka 2001 ilitokea programu ya SpamAssassin, ambayo huipima barua kwa majaribio mengi na kuipa alama. Mwaka 2002 Paul Graham alichapisha makala yaliyoeneza njia ya kuifundisha mashine itambue barua hizo kwa hesabu za uwezekano zinazofuata kanuni ya Bayes. Baadaye zikaja njia za kuthibitisha asili ya barua: SPF, ambayo hati yake ilitolewa mwaka 2006, DKIM mwaka 2007, na DMARC mwaka 2015. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimewataka wapelekaji wa barua nyingi wathibitishe asili ya barua zao, na kwa Gmail masharti hayo yanamhusu kila anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku.

Historia hii yatuonyesha kwamba "kuchuja" si tendo moja. Ni mfululizo wa matendo yanayofanyika mahali mbalimbali: mengine mlangoni kabla barua haijaingia, mengine ndani baada ya kusomwa, na mengine sandukuni mwa mwenye barua. Lugha inayotumia neno moja kwa yote hayo haijayaeleza.

2. "Barua taka"

Jina la asili la Kiingereza ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, ambalo liliingia katika mambo ya kompyuta kwa njia ya mchezo wa kuchekesha wa Monty Python wa mwaka 1970, ambamo neno hilo hurudiwarudiwa hata mazungumzo mengine yote yakazamishwa. Wako wafasiri waliolitohoa, wakaandika "spamu". Kimatamshi hatuna la kulishutumu, kwani tunazo spika, spidi na sponji. Lakini utani uliolizaa neno haukusafiri nalo, na msomaji asiyejua Kiingereza hapati humo fununu yo yote ya maana. Aidha, neno hilo halinyambuliki kwa urahisi: "kuspamu", "kuspamiwa" na "mspamishaji" ni maumbo ambayo hata wenye kuyaandika huyatamka kwa shida.

Waliopendekeza "barua taka" walifanya kazi bora zaidi. Neno ni fupi, linaeleweka mara moja, na linafaa kabisa kuwa jina la kabati ambamo barua hizo huwekwa. Hata hivyo tuna hoja mbili juu yake.

Ya kwanza ni ya umbo. "Taka" ni nomino, lakini pia ni shina la kitenzi kutaka. Kwa hiyo barua usiyoitaka inaitwa barua taka! Mzungumzaji mzoefu hapotei hapa, kwa sababu muktadha humwongoza, ila mwanafunzi wa lugha hupotea, na katika vichwa vya habari vifupi kama vile "Taka au si taka?" hata mzoefu husita. Tunashauri basi kwamba katika vifungo vya programu liandikwe neno zima, "barua taka", wala si "taka" peke yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Taka ni uchafu. Kwa hiyo jina linaihukumu barua kwa yaliyomo ndani yake. Lakini wataalamu wa fani hii hawaielezi hivyo. Kwa Spamhaus, barua huingia katika kundi hili ikiwa na sifa mbili kwa pamoja: iwe haikuombwa, na iwe imepelekwa kwa wingi. Suala ni la ridhaa, si la yaliyomo. Tangazo la dawa ulilojiandikisha kupelekewa si barua ya kundi hili hata likikuchosha; na mwaliko wa harambee ya msikiti au kanisa uliopelekwa kwa maelfu ya watu wasioomba ni wa kundi hili hata ukiwa na nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo, katika kifungu cha 20, inazungumzia ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, wala haitaji uchafu. Kwa sababu hiyo twaona kwamba katika sheria, kanuni na mikataba neno liwe "barua isiyoombwa" au "ujumbe usioombwa", na "barua taka" libaki kuwa neno la matumizi ya kila siku na jina la kabati.

3. Chujio, chekeche na ungo

Neno "chujio" limekwisha kuenea, nasi hatupendi kupigana na neno lililokwisha kupata makazi. Lakini ni wajibu wetu kuonyesha picha linayoileta. Jikoni, kifumbu hupitisha tui na kubakiza machicha. Chujio la chai hupitisha chai na kubakiza majani. Chekeche hupitisha unga na kubakiza chenga. Vyote vitatu hutenganisha kwa ukubwa. Kilicho kikubwa kuliko tundu hakipiti, na kilicho kidogo hupita; hakuna shaka, na hakuna haja ya kuamua.

Kazi ya seva haifanani na hiyo. Inafanana zaidi na kupepeta kwa ungo, ambapo kazi hutegemea mkono wa mpepetaji na upepo wa siku ile, na punje njema chache huruka pamoja na makapi huku makapi machache yakibaki pamoja na punje. Au inafanana na kuchambua mchele, ambapo jicho huamua lipi ni jiwe na ipi ni punje. Mashine haijui kwamba barua hii ni mbaya. Inakisia tu, kwa kiasi kinachohesabika.

Je, tuseme basi "ungo wa barua"? La. Ungo ni chombo cha kupendeza kwa mfano, lakini hakitakubalika katika ofisi, na istilahi isiyokubalika haina kazi. Tunachosema ni kwamba mwandishi wa mwongozo anayetumia neno chujio asimwachie msomaji aamini kwamba chombo hicho hakikosei. Hapo ndipo tunapolaumu miongozo mingi: inasema chujio "huondoa barua taka", kana kwamba limeshona wavu wa matundu sawasawa. Ingefaa iseme "hukisia na kutenga".

Kuna pia msemo "uchujaji wa upande wa seva". Huu ni mpangilio wa Kiingereza uliovikwa maneno ya Kiswahili. Seva haina pande mbili tunazotaka kuzilinganisha. Tunachotaka kusema ni mahali kazi inapofanyika, na Kiswahili kina kiambishi cha mahali tangu zamani. Kama tusemavyo shuleni, ofisini na bandarini, tuseme "uchujaji sevani". Na ule unaofanyika katika kompyuta ya mtumiaji uwe "uchujaji kompyutani". Msemo umefupika, na maana imebaki palepale.

4. "Kuzuia": neno moja lililobebeshwa mizigo minne

Tumefika sasa kwenye kiini cha uhakiki wetu. Katika tafsiri nyingi kila hatua inayochukuliwa dhidi ya barua huitwa "kuzuia". Tuyatazame matendo yenyewe yalivyo.

Kwanza, seva inaweza kukataa. Katika itifaki ya SMTP, majibu ya seva huanza na tarakimu. Jibu linaloanza na 2 ni la kukubali. Linaloanza na 4 ni la kushindwa kwa muda. Na linaloanza na 5, kama vile 550, ni la kukataa moja kwa moja. Barua iliyokataliwa haikupata kuingia. Seva iliyoileta hubaki nayo mkononi, na kwa kawaida humwarifu mwenye barua kwamba imerudi. Ni kama tarishi aliyeambiwa mlangoni kwamba mzigo haupokewi: mzigo haukupotea, na aliyeutuma atajua.

Pili, seva inaweza kuahirisha. Hutoa jibu linaloanza na 4, maana yake "njoo tena baadaye". Mwaka 2003 Evan Harris alieleza namna ya kuutumia utaratibu huu kuwa mtihani. Seva ya kweli hufuata kanuni, ikasubiri na kurudi. Kanuni zinashauri kungoja dakika 30 au zaidi, na kuendelea kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Mitambo mingi ya kumwaga barua zisizoombwa haina subira hiyo, hivyo haikurudi. Hapa barua njema haikuzuiwa, imecheleweshwa tu.

Tatu, seva inaweza kupokea barua kisha kuitenga. Imekwisha kutoa jibu la 250, yaani imekubali, lakini haikuiweka barua pamoja na nyingine. Imeiweka mahali pa uangalizi ambapo msimamizi au mwenyewe aweza kuitazama na kuiachilia.

Nne, seva inaweza kupokea kisha kutupa. Mpelekaji ameambiwa kwamba barua imekubaliwa, mpokeaji haioni, na hakuna anayearifiwa. Hati ya SMTP ya mwaka 2008 inasema kwamba seva ikitoa jibu la kukubali imechukua dhamana ya kuifikisha barua au kutoa taarifa ya kushindwa, na kwamba dhamana hiyo isichukuliwe kimchezo. Kutupa kimya kunaruhusiwa kwa tahadhari kubwa tu, pale ambapo hakuna shaka juu ya ubaya wa barua.

Ndugu msomaji atakuwa amekwisha kuona jambo linaloshangaza. Katika adabu ya kawaida, kukataa ni neno kali na kutenga ni neno la upole. Katika mambo ya seva ni kinyume chake: anayekatalia mlangoni ndiye mwenye uungwana, kwa maana mpelekaji anajua na aweza kutafuta njia nyingine, bali anayepokea kwa tabasamu kisha akatupa ndiye anayedhuru. Mfasiri anayeona aibu kuandika "imekataliwa", akaandika "imezuiwa" ili kulainisha, amemnyima msomaji habari iliyomfaa zaidi.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Sheria ya Mfano ya Biashara ya Kielektroniki ya mwaka 1996, iliyotayarishwa na tume ya Umoja wa Mataifa iitwayo UNCITRAL, inasema kwamba kama mpokeaji ameteua mfumo wa kupokelea ujumbe, basi ujumbe huhesabiwa kuwa umepokewa pale unapoingia katika mfumo huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki katika mikataba ya kimataifa unatumia kipimo kingine: ujumbe umepokewa pale mpokeaji anapoweza kuuchukua katika anwani aliyoiteua. Basi zabuni iliyokataliwa mlangoni haikuingia. Iliyotengwa imeingia, na kwa kipimo cha pili lazima tuulize kama mpokeaji angeweza kuichukua huko ilikotengwa. Iliyotupwa iliingia, kisha ikaangamizwa na mpokeaji mwenyewe. Haya ni majibu matatu mbalimbali kwa swali moja la haki. Nchini Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu atakayesoma ushahidi ulioandikwa "barua ilizuiwa" atalazimika kumwita fundi amweleze maana ya neno la Kiswahili. Hiyo itakuwa fedheha yetu sisi tunaoshughulika na istilahi, si fedheha ya fundi.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba fani yenyewe haijatofautisha. DMARC humruhusu mwenye jina la kikoa atangaze moja kati ya maagizo matatu juu ya barua zisizothibitika: zisichukuliwe hatua, zitengwe, au zikataliwe. Walioitunga waliona haja ya maneno matatu, nasi hatuna udhuru wa kutumia moja.

5. Rangi, chanya, alama na sahihi

Tuyapitie kwa ufupi maneno mengine manne.

"Orodha nyeusi", "orodha nyeupe" na "orodha ya kijivu" ni tafsiri za neno kwa neno. Rangi hizi hazisemi orodha inafanya nini, na ya kijivu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu utaratibu huo si orodha ya watu wa katikati bali ni kule kuahirisha tulikokueleza. Hata waandishi wa Kiingereza wengi wameanza kuziacha rangi hizo na kutaja kazi. Tuseme "orodha ya marufuku" na "orodha ya ruhusa", na la tatu liitwe "uahirishaji".

"Chanya potofu" hutumika kwa barua njema iliyodhaniwa kuwa mbaya. Msomaji wa kawaida analijua neno chanya kwa maana ya jambo jema. Atawezaje kufahamu kwamba hapa chanya ni ugunduzi wa barua mbaya, na kwamba upotofu wake ni kuionea barua njema? Mzunguko huu hauna lazima. Makosa ya chujio ni mawili tu: kuzuia iliyostahili kupita, na kupitisha iliyostahili kuzuiwa. Tuyaite basi "kosa la kuzuia" na "kosa la kupitisha". Kwa majina haya hata mjadala wa sera huwa mwepesi, kwani mtu huona mara moja kwamba ukipunguza kosa moja kwa kukaza chujio, unaongeza lile jingine. Wahenga walikwisha kusema kwamba mchagua nazi hupata koroma.

"Alama" ni neno zuri, lakini walimu wetu watalisoma vibaya. Darasani alama nyingi ni kufaulu. Katika SpamAssassin kila dalili ya ubaya huongeza alama, na barua ikifikisha 5, ambacho ndicho kikomo kilichowekwa na watunzi wa programu, huhesabiwa kuwa ni taka. Hapa anayepata nyingi ndiye anayeanguka. Neno "alama za tuhuma" linaondoa utata huu, na linakumbusha kwamba hizi ni tuhuma, wala si ushahidi.

La mwisho ni "sahihi". Njia ya DKIM huitia barua saini ya hesabu, inayothibitisha kikoa gani kimeitia barua saini na kwamba sehemu zilizotiwa saini hazikubadilishwa njiani. Haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Hata tapeli aweza kusajili kikoa chake na kuzitia saini barua zake zote. Sasa katika Kiswahili "sahihi" ni mkono wa mwandishi, na pia ni jambo lililo kweli. Programu inayomwambia mtumiaji kwamba "barua hii ina sahihi" inakaribia sana kumwambia kwamba barua hii ni sahihi, na matapeli hawahitaji msaada huo. Kwa matumizi haya tunapendelea "saini", ingawa ni neno la mkopo. Afadhali mkopo unaosema jambo moja.

6. Kiswahili mbele ya chujio

Liko jambo jingine linalowahusu wenye lugha, nalo ni jinsi chujio linavyokisoma Kiswahili chenyewe. Chujio linalofundishwa kwa hesabu za uwezekano hujifunza kutokana na barua linazoonyeshwa. SpamAssassin, kwa kawaida, haianzi kutumia hesabu hizo mpaka ionyeshwe barua taka 200 na barua njema 200. Ofisi ikiifundisha kwa barua za Kiingereza tupu, maneno ya Kiswahili yatakuwa mageni kwake, na hukumu juu ya barua za Kiswahili itaachiwa dalili nyingine tu. Aidha, programu hiyo ina kiongezo kinachomruhusu msimamizi ataje lugha anazozikubali. Barua ya lugha isiyotajwa huongezewa alama za tuhuma. Msimamizi aliyenakili mipangilio ya ofisi ya Ulaya bila ya kuisoma aweza kukifanya Kiswahili kuwa dalili ya ubaya katika ofisi ya umma ya Waswahili.

Tena, maumbo ya lugha yetu yana athari zake. Mashine hizi huhesabu neno kama linavyoandikwa. Tumia, nitumie, umtumie, tumekutumia na tutawatumia, kwetu ni tendo moja. Kwa mashine isiyojua viambishi ni maneno matano tofauti, na ushahidi hutawanyika. Kwa hiyo chujio la Kiswahili huhitaji mifano mingi zaidi ili lifikie ujuzi uleule. Na maneno peke yake hayatoshi. Ule ujumbe wa simu unaojulikana kote Tanzania, wa kumtaka mtu atume "ile hela" kwenye namba nyingine, hauna hata neno moja baya. Kila neno lake husemwa nyumbani kila siku. Ubaya wake uko katika asili yake na katika wingi wa waliotumiwa, si katika msamiati. Hapo tunaona tena kwamba kipimo cha ridhaa na wingi kina nguvu kuliko kipimo cha "taka".

7. Mapendekezo

Kwa kufuata vigezo vya kawaida vya istilahi, yaani uwazi, ufupi, unyambulikaji, na kutokuwa na maana mbili ndani ya fani moja, tunatoa mapendekezo haya ili wasomaji wayajadili:

Barua isiyoombwa: barua pepe iliyopelekwa bila ya ridhaa ya mpokeaji, litumike katika sheria na mikataba.

Barua taka: jina la kawaida la barua isiyoombwa iliyopelekwa kwa wingi, pia jina la kabati inamowekwa.

Uchujaji sevani: kupima na kutenganisha barua kwenye seva kabla hazijamfikia mwenyewe.

Kuzuia: jina la jumla la hatua zote dhidi ya barua, lisitumike mahali ambapo hatua mahususi yaweza kutajwa.

Kukataa: kutoipokea barua mlangoni, na seva iliyoileta ikajulishwa.

Kuahirisha: kuitaka seva inayopeleka ijaribu tena baadaye.

Kutenga: kuipokea barua na kuiweka mahali pa uangalizi. Neno "karantini" laweza kutumika, kwa sharti kwamba yupo mtu anayeweza kuiachilia.

Kutupa: kuipokea barua na kuiangamiza bila ya kumwarifu mtu.

Kosa la kuzuia. Kosa la kupitisha: makosa mawili ya chujio, kama tulivyoyaeleza.

Alama za tuhuma. Kikomo: hesabu ya dalili za ubaya, na kiasi ambacho barua ikikifikia huhesabiwa kuwa taka.

Orodha ya marufuku. Orodha ya ruhusa: anwani zinazokataliwa daima, na zinazopokewa daima.

Saini: uthibitisho wa kihesabu wa asili ya barua.

Hatudai kwamba kila neno hapa litapendwa. Pengine wako watakaoona "kutupa" ni neno la mtaani mno kwa hati ya serikali, na wengine watauliza kwa nini tumeibakiza "seva" wakati lugha ina mizizi yake. Kwa hao tunasema kwamba jina la mtambo laweza kukopwa bila ya madhara makubwa, kwa kuwa mtambo ni ule ule kila mahali. Vitenzi ndivyo visivyokopeka ovyo, kwa sababu vitenzi ndivyo vinavyoeleza nani alifanya nini. Ofisi ikiandika "tuliikataa", imekiri tendo moja. Ikiandika "tuliitupa", imekiri jingine. Ikiandika "ilizuiwa", haikukiri lo lote, na mtendaji amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa.

Tunawaomba wafasiri wa programu wavipitie vifungo na taarifa walizozifasiri, na kila walipoandika "kuzuia" wamwulize fundi: barua hii ilikwenda wapi, na nani aliambiwa? Tunawaomba walimu wazifundishe tofauti hizi pamoja na uandishi wa barua rasmi, kwani barua pepe sasa ni sehemu ya uandishi huo. Na tunawaomba watumishi wa serikali wanaotunga matangazo ya zabuni na ya kazi wataje ndani ya matangazo hayo barua itahesabiwa kuwa imepokewa lini, na mwombaji afanye nini barua yake ikikataliwa. Maneno ya kuandikia hayo yote tunayo tayari, na mengi yao ni ya Kiswahili cha nyumbani.